Mwamba Ngoma na Ngozi Yake: Kutoegemea Upande Katika Maelezo ya Kampuni za Uchapishaji wa Muziki

Utangulizi

Mwamba ngoma, walinena wahenga, ngozi huivutia kwake. Methali hii hutumiwa kumsuta anayetanguliza maslahi yake mbele ya ya wengine. Katika mada ya makala haya inapata maana ya ziada, kwani kinachowambwa ni maelezo yanayohusu biashara ya ngoma yenyewe. Kamusi elezo ya Wikipedia ilianzishwa Januari 15, 2001, na toleo lake la Kiswahili likafuata mwaka wa 2003. Tangu hapo, yeyote mwenye tarakilishi au simu iliyounganishwa na mtandao anaweza kuivuta ngozi hiyo: afisa wa uhusiano mwema wa kampuni, mtunzi aliyedhulumiwa, jamaa wa mtunzi, au mwanafunzi asiyemfahamu yeyote kati yao.

Makala haya yanadhamiria kufafanua jinsi maelezo kuhusu kampuni ya uchapishaji wa muziki yanavyoweza kuandikwa bila kuegemea upande wowote. Swali hili linamhusu mwanafunzi wa Kiswahili kwa sababu mbili. Mosi, upendeleo hujificha katika lugha kabla ya kujificha kwingine kokote. Pili, wahariri wa kujitolea wa toleo la Kiswahili ni wachache mno wakilinganishwa na wa Kiingereza. Hivyo, sentensi moja iliyopinda inaweza kukaa muda mrefu bila kunyooshwa, na huenda ikawa ndiyo maelezo pekee ambayo msomaji wa Kiswahili atayapata.

Kampuni ya uchapishaji wa muziki ni ipi?

Kosa la kwanza katika maelezo mengi ya aina hii halitokani na upendeleo bali na utatizi wa dhana. Wimbo mmoja hubeba haki za aina mbili. Kuna haki ya utunzi, yaani lahani na maneno, na kuna haki ya rekodi, yaani sauti iliyonaswa studioni. Kwa kawaida, kampuni ya kurekodi humiliki hiyo ya pili. Kampuni ya uchapishaji husimamia hiyo ya kwanza: husajili utunzi, hutoa leseni kwa watengenezaji wa filamu na matangazo ya biashara, hukusanya mirabaha na kugawana mapato na mtunzi kulingana na mkataba.

Jina “uchapishaji” ni masalio ya enzi ambapo muziki uliuzwa kwa nota zilizopigwa chapa kwenye karatasi. Breitkopf & Härtel ilianzishwa mjini Leipzig mwaka wa 1719, na Novello mjini London mwaka wa 1811, miongo mingi kabla ya sauti kuweza kunaswa. Mwandishi asiyeitambua tofauti hii anaweza kuilaumu kampuni kwa jambo ambalo si lake, au kuisifu kwa rekodi ambayo haikuitoa. Kwa hiyo, usahihi ndio mlango wa kwanza wa kutoegemea upande.

Maana ya kutoegemea upande

Kanuni ya kutoegemea upande ni miongoni mwa kanuni tatu kuu za maudhui katika Wikipedia. Nyingine ni kwamba kila jambo liweze kuthibitishwa kwa vyanzo vilivyochapishwa, na kwamba mhariri asichapishe humo utafiti wake mwenyewe. Kanuni hizi hutegemeana kama mafiga: ukiondoa moja, chungu hakikai.

Kutoegemea upande hakumaanishi kukaa kimya. Aidha, hakumaanishi kumpa kila mzungumzaji nafasi sawa, kana kwamba haki ni kukata mkate katikati. Kanuni hudai uzito stahiki, yaani kila mtazamo upewe nafasi inayolingana na jinsi unavyojitokeza katika vyanzo huru vinavyoaminika. Kampuni iliyochapisha maelfu ya tungo kwa zaidi ya karne moja na ikashtakiwa mara moja haistahili maelezo ambayo nusu yake ni kesi hiyo. Lakini kampuni ambayo vyanzo huru vinaitaja hasa kwa sababu ya mgogoro mmoja haiwezi kuuficha mgogoro huo katika sentensi ya mwisho.

Mfano wa “Mbube”

Kisa cha wimbo “Mbube” kinadhihirisha ugumu wa jambo hili. Mwaka wa 1939, Solomon Linda na kundi lake la Original Evening Birds waliurekodi wimbo huo katika studio ya Gallo mjini Johannesburg. Inaripotiwa kuwa Linda aliiachia Gallo haki zake kwa shilingi kumi. Rekodi hiyo ilifika Marekani, na kundi la The Weavers likatoa toleo lake kwa jina “Wimoweh”. Mwaka wa 1961, kundi la The Tokens lilitoa “The Lion Sleeps Tonight”, lenye lahani iliyotokana na ya Linda na maneno mapya ya Kiingereza. Wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza nchini Marekani. Linda aliaga dunia mwaka uliofuata, 1962, akiwa fukara.

Mwaka wa 2000, mwandishi Rian Malan alichapisha katika jarida la Rolling Stone uchunguzi mrefu kuhusu safari ya wimbo huo na fedha zake. Mwaka wa 2004, kesi iliwasilishwa nchini Afrika Kusini kwa niaba ya warithi wa Linda dhidi ya kampuni ya Disney, iliyokuwa imeutumia wimbo huo katika filamu The Lion King ya mwaka wa 1994. Hoja ya warithi iliegemea sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka wa 1911, iliyotumika katika makoloni na himaya zake. Kwa mujibu wa sheria hiyo, haki zilizouzwa na mtunzi zilirejea kwa warithi miaka 25 baada ya kifo chake. Katika kisa hiki, mwaka wa 1987. Februari 2006 mapatano yalifikiwa kati ya warithi na Abilene Music, kampuni ya uchapishaji iliyokuwa imeipa Disney leseni. Kiasi cha fedha hakikutangazwa.

Tuseme mwandishi anataka kuyaeleza haya katika maelezo ya kampuni hiyo. Anaweza kuandika: “Kampuni hii adhimu, inayosifika ulimwengu mzima kwa kuwajali watunzi, iliwafidia warithi kwa ukarimu.” Anaweza pia kuandika: “Kampuni hii ya kinyonyaji iliupora wimbo wa Mwafrika hadi ilipoaibishwa mahakamani.” Sentensi ya kwanza ni tangazo la biashara, ya pili ni shutuma. Zote mbili zina kosa la ukweli pia, kwa maana kiasi kilicholipwa hakijulikani hata ukarimu upimwe, na mapatano si hukumu ya mahakama. Fauka ya hayo, haki ziliachiwa Gallo miongo kadhaa kabla ya Abilene Music kuhusika.

Sentensi isiyoegemea upande ingesema: “Abilene Music ilikuwa na haki za wimbo ‘The Lion Sleeps Tonight’, uliotokana na ‘Mbube’ wa Solomon Linda. Februari 2006 ilifikia mapatano na warithi wa Linda kuhusu mirabaha ya wimbo huo, kufuatia kesi iliyowasilishwa mwaka wa 2004 dhidi ya Disney. Kiasi kilicholipwa hakikutangazwa.” Hakuna kivumishi cha sifa wala cha lawama. Hata hivyo, msomaji anayejua kuwa mtunzi alipata shilingi kumi hahitaji kuambiwa ahuzunike. Tarehe na hesabu zinamtosha.

Upendeleo katika sarufi na msamiati

Mwanafunzi wa isimujamii atatambua kuwa maelezo ya kamusi elezo ni sajili mahususi. Kiswahili kina urithi mkubwa wa sifo, majigambo na kumbukizi za marehemu, na hakuna aibu katika urithi huo. Tatizo huzuka pale ambapo mbinu za sajili moja zinahamishiwa nyingine. “Gwiji”, “nguli” na “kinara” ni maneno yanayofaa jukwaani. Katika kamusi elezo hayamwelezi msomaji lolote analoweza kulithibitisha.

Mofolojia nayo ina mitego yake. Kiambishi cha ukubwa katika “jikampuni” huleta picha ya dubwana, na cha udogo katika “kijikampuni” huleta dharau. Neno “kampuni” linatosha, likifuatwa na mwaka wa kuanzishwa na mahali lilipo shirika lenyewe.

Vitenzi vya kuripoti vinadai uangalifu zaidi. “Alisema” hakielemei popote. “Alidai” hutia shaka maneno ya msemaji. “Alifichua” huchukulia kuwa yaliyosemwa ni kweli na yalikuwa yamefichwa, ilhali “alikiri” humtia hatiani kabla ya kesi kusikizwa. Mara nyingi maelezo huandikwa kwamba msemaji wa kampuni “alifafanua” nao watunzi “walidai”. Hapo hukumu imekwisha kutolewa kwa vitenzi viwili tu.

Kauli ya kutendwa huweza kumficha mtenda. “Haki ziliuzwa” haituambii nani aliuza, nani alinunua, wala kwa bei gani. Vivyo hivyo, “inasemekana” humwacha msomaji akijiuliza ni nani anayesema. Iwapo chanzo kipo, kitajwe. Iwapo hakipo, sentensi yenyewe iondolewe. Hatimaye kuna nomino zinazobeba hukumu ndani yake. “Fidia” hudokeza kwamba madhara yalitendeka, “msaada” hudokeza hisani, ilhali “malipo” hutaja tendo lenyewe pekee.

Utunzi unaozozaniwa

Karibu na nyumbani, wimbo “Malaika” unatoa funzo jingine. Fadhili William wa Kenya aliurekodi, na ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa mtunzi. Adam Salim, mzaliwa wa Tanzania, alishikilia kuwa yeye ndiye aliyeutunga, na wapo wengine waliohusishwa na utunzi huo. Wimbo ukaimbwa na Miriam Makeba, Boney M na Angélique Kidjo, na kila toleo lilihitaji jina la mtunzi wa kulipwa.

Maelezo ya kampuni yoyote inayosimamia wimbo wa aina hii hayana budi kutofautisha mambo mawili: kusajiliwa kuwa mtunzi, na kuwa mtunzi. La kwanza ni tukio la kiofisi linaloweza kuthibitishwa kwa hati. La pili linaweza kubaki swali. Kamusi elezo si mahakama. Kazi yake ni kueleza nani anashikilia nini na kwa ushahidi upi, kisha imwachie msomaji uamuzi.

Mhariri mwenye maslahi

Mwaka wa 2007, programu iitwayo WikiScanner, iliyobuniwa na Virgil Griffith, ilibainisha kuwa tarakilishi za mashirika mengi zilikuwa zikitumiwa kubadilisha kurasa zinazoyahusu mashirika hayo hayo. Mwaka wa 2013, zaidi ya akaunti 250 zilifungwa kufuatia uchunguzi kuhusu uhariri wa siri wa kulipwa. Mwaka wa 2014, masharti ya matumizi yalianza kumtaka kila anayelipwa kuhariri amtaje mwajiri wake na mteja wake.

Mfanyakazi wa kampuni hakatazwi kusema. Anatarajiwa kujitambulisha na kupendekeza masahihisho katika ukurasa wa majadiliano, ili mhariri asiyehusika ayapime. Anaweza kusahihisha mwaka uliokosewa akiambatisha ithibati. Kanuni hiyo humhusu pia mpwa wa mtunzi na wakili wake, maana uchungu ni maslahi kama ulivyo mshahara. Isitoshe, historia ya kila ukurasa huhifadhiwa, na anayetaka kujua nani alifuta aya gani huweza kuiona.

Je, mwenye karatasi ndiye mshindi?

Pingamizi moja haliwezi kupuuzwa. Ikiwa kila jambo hudai chanzo kilichochapishwa, je, kanuni hiyo haimpendelei mwenye mitambo ya kuchapisha? Kampuni ina mikataba, ripoti za mwaka na maafisa wa kuzungumza na magazeti. Mtunzi wa kijijini ana kumbukumbu yake na mashahidi wanaozidi kupungua. Kwa muda wa takriban miongo minne baada ya kifo cha Linda, mhariri mwaminifu kabisa angepata machache ya kuandika kumhusu.

Pingamizi hili lina uzito, na katika Wikipedia yenyewe limetambuliwa: mwaka wa 2011 mradi ulifanywa nchini India na Afrika Kusini kujaribu kutumia masimulizi yaliyorekodiwa kuwa vyanzo. Hata hivyo, dawa yake si kuilegeza kanuni. Mlango ukifunguliwa kwa kumbukumbu isiyopimika ya mtunzi, kampuni nayo itaingia na kumbukumbu zake, na yenye wafanyakazi wengi ndiyo itakayosikika. Kilichokibadilisha kisa cha “Mbube” ni uchunguzi uliochapishwa, kisha hoja ya kisheria iliyowasilishwa mahakamani.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa kutoegemea upande ni kazi ya lugha na ya ushahidi kwa pamoja. Mwandishi huanza kwa kuitambua kampuni ilivyo, hupima uzito wa kila mtazamo, huchagua vitenzi visivyohukumu, na hutangaza maslahi yake ikiwa anayo. Lakini hata mwandishi hodari hawezi kuweka katika kamusi elezo kile ambacho hakijaandikwa kwingine.

Hapo ndipo vyama vya Kiswahili vyuoni vinapopata wajibu wao. Watunzi wengi wa Afrika Mashariki waliotia sahihi mikataba katika miaka ya 1960 na 1970 wamefariki, na walio hai ni wazee. Mwanafunzi anayemhoji mmoja wao, akalinganisha masimulizi yake na hati zilizopo, akasikiliza pia upande wa kampuni, kisha akachapisha matokeo katika jarida lililopitiwa na wahadhiri, huwa ameunda chanzo ambacho mhariri yeyote anaweza kukirejelea. Ngozi ya ngoma hukaa sawa ikivutwa pande zote kwa nguvu sawa. Upande wa mtunzi, kwa sasa, mikono ni michache.