Kinachotoka na Kinachofika: Utangulizi wa Moshi wa Jikoni

Somo hili huanza na macho yako tu. Tuingie uani, Kilwa Kivinje, maharage yakiwa yamebandikwa mafigani. Vifuu vimeshika moto, na mpishi amekaa kibaoni, anapuliza. Jirani wa nyumba ya tatu naye hupata moshi uleule, lakini kidogo mno. Tofauti hiyo ndiyo mlango wa taaluma yetu.

Tutenganishe mambo mawili. Utokaji ni kiasi cha uchafu kinachotoka kwenye moto. Ufikaji ni kiasi kinachomfikia mtu, nao hutegemea wingi wa moshi pale alipo na muda anaokaa pale. Lori hutoa moshi mwingi, lakini hupita. Mpishi huinamia mafiga kila siku, mara nyingi ana mtoto mgongoni.

Ndani ya moshi mna chembe laini, zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5. Maikromita ni milimita iliyogawanywa mara 1,000. Unywele mmoja ni mnene kuliko chembe hiyo kwa mara 20 na zaidi. Kwa udogo huo, chembe hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa chembe hizo kwa mwaka usizidi maikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa.

Utauliza: mkaa hautoi moshi mwingi, basi ni salama? Hapana. Hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayozuia damu kubeba oksijeni. Usilale chumba kimoja na jiko la mkaa linalowaka.

Utauliza tena: gesi ya Songo Songo ni ya hapahapa Kilwa, mbona mtungi wa gesi ya kupikia hutoka mbali? Ya Songo Songo hasa ni methani. Tangu 2004 husafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Ya mtungi ni propani na butani, ambazo hugeuka kimiminika kwa mgandamizo mdogo, ndiyo maana hubebeka. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia umelenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati hiyo, ikiwemo gesi ya mtungi, ifikapo 2034.

Kabla mtungi haujafika kwako, usidhani huna la kufanya. Kuni kavu hupunguza utokaji. Maharage yaliyolowekwa usiku na sufuria iliyofunikwa hupunguza muda wa kukaa motoni. Mfuko wa plastiki usiuwashie moto, kwani moshi wake una sumu. Na kusi inapovuma, kaa upepo ukupite ubavuni, uuchukue moshi kabla haujafika usoni.

Kesho kaa kidogo kwenye kibao cha mpishi wenu, utazame moshi unakoelekea. Kisha msaidie kuhamisha mafiga. Hapo utakuwa umeshaanza kuisoma taaluma hii.