Nyumba ya uzeeni Nakuru: Hati na maji huchunguzwa kabla ya kuta

MATANGAZO ya nyumba zinazouzwa Nakuru hufanana: vyumba vitatu, paa la vigae, bustani ya mboga, hewa safi na mlima Menengai ukionekana kwa mbali. Kwa mfanyakazi anayekaribia umri wa kustaafu wa miaka 60, aliyeishi Nairobi katika nyumba ya kupanga, maneno hayo huvutia mno. Lakini nyumba kama hiyo aghalabu hununuliwa kwa kiinua mgongo, fedha ambazo mtu hulipwa mara moja tu maishani. Akikosea hapo, hana tena mshahara wa kumrudisha sokoni.

Sababu za kuupenda mji huu si za jana. Reli ilifika Nakuru mwaka wa 1900, na kufikia 1904 ulikuwa umetangazwa rasmi kuwa mji. Nafaka, maziwa na pareto kutoka Njoro, Molo na Subukia vilipata soko hapo, na Chama cha Wakulima Kenya (KFA) kikaweka makao yake makuu papo hapo. Mnamo Desemba 1, 2021, Nakuru ilipandishwa hadhi na kuwa jiji la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Mstaafu anayehamia huko hujipatia barabara kuu, hospitali ya rufaa ya kaunti na mazao ya mashamba ya karibu.

Historia hiyo hiyo ya mashamba ndiyo huzua swali la kwanza: je, ardhi iliyobeba nyumba ilitoka kwa nani? Baada ya uhuru, mashamba mengi ya walowezi yalinunuliwa na kampuni za wananchi waliochanga hisa, zikiwemo Ngwataniro na NDEFFO, kisha yakagawanywa vipande. Wapo waliokaa miaka mingi wakiwa na cheti cha hisa pekee. Cheti cha hisa si hatimiliki. Aidha, ghasia za 1992, 1997 na zile zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliwafanya watu wengi wa Bonde la Ufa kuyahama makao yao. Kwa hiyo, anayeishi katika nyumba leo huenda siye mwenye haki ya kuiuza.

Hata hatimiliki yenyewe haitoshi. Mnamo Aprili 2023, Mahakama ya Juu iliamua katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa kwamba iwapo ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo, aliyeinunua baadaye hawezi kujikinga kwa kusema kuwa alikuwa na hati na alilipa kwa nia njema. Ingawa kesi hiyo ilihusu ploti ya ufuoni Mombasa, uamuzi wake unahusu kila mnunuzi nchini. Ni sharti wakili aifuatilie ardhi hadi kwa mmiliki wake wa kwanza.

Hatua ya mwanzo ni uchunguzi wa rekodi katika afisi ya usajili wa ardhi, ambao wengi huuita 'sachi'. Rekodi hizo huonyesha jina la mmiliki, na kama ardhi imewekwa rehani au imezuiliwa na mahakama. Hatua ya pili ni kumleta soroveya athibitishe kwamba mipaka iliyo kwenye ramani ndiyo iliyo ardhini. Ikiwa ni ardhi ya kilimo, kama ilivyo nyingi nje ya mji, idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi inahitajika. Ombi hutakiwa kuwasilishwa katika muda wa miezi sita baada ya mapatano, ama sivyo mauzo hayo ni batili. Na iwapo nyumba ni mali ya ndoa, Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inataka mume au mke wa muuzaji akubali. Mnunuzi asisahau ushuru wa stempu: asilimia 4 ya thamani mijini na asilimia 2 mashambani.

Baada ya karatasi, iangaliwe ardhi yenyewe. Nakuru imejengwa juu ya majivu ya volkeno katika Bonde la Ufa, na mvua kubwa huwahi kufungua nyufa zinazomeza barabara na misingi ya nyumba. Ziwa Nakuru nalo limekuwa likifura tangu takriban 2010. Lilifunika lango kuu la zamani la mbuga na kuwahamisha wakazi wa Mwariki na Barut. Mjini Naivasha, wakazi wa mtaa wa Kihoto wamefurushwa na maji ya ziwa zaidi ya mara moja. Ni busara kuitazama nyumba msimu wa masika na kuwauliza majirani wa siku nyingi maji hufika wapi.

Suala jingine ni kisima ambacho tangazo hukisifu. Maji ya visima vingi vya eneo hili yana madini ya floraidi kwa wingi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Yakizidi kwa muda mrefu, meno ya watoto huwa ya kahawia, na yakizidi sana mifupa hudhurika. Kuyapima katika maabara ni gharama ndogo mno ikilinganishwa na bei ya nyumba.

Kuhusu fedha, kanuni za 2020 zinamruhusu mwanachama wa mfuko wa pensheni ulio chini ya mamlaka ya RBA kutumia hadi asilimia 40 ya akiba yake, isiyozidi Sh7 milioni, kununua nyumba ya kuishi. Ruhusa hiyo ni ya wale ambao hawajastaafu. Anayeanza mapema, kwa hivyo, hupata pia muda wa kuchunguza bila kusukumwa na dalali anayedai kwamba kuna mnunuzi mwingine mlangoni.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mstaafu hununua nyumba ili wajukuu wapate pa kumtembelea. Akichunguza mapema, watakuja wao bila majuto.