Karudi kutoka JKT, anataka uhasibu

Kijana anashuka stendi ya Makambako na begi lake. Miaka miwili ya kujitolea JKT imekwisha. Akifika nyumbani Njombe, hata chai hajamaliza, anaulizwa: "Ajira umepata?"

Mzazi, swali hilo linauma. JKT yenyewe husema wazi inapoita vijana wa kujitolea kwamba haitoi ajira. Anayetaka kazi za fedha anaanza kama wenzake. Bodi ya wahasibu, NBAA, ina mitihani ya ngazi ya ufundi ambayo hata wa kidato cha nne mwenye ufaulu unaotakiwa huanza nayo, kisha akapanda hadi CPA. Hufanyika Mei na Novemba, hivyo ada ianze kutafutwa mapema.

Huku akisoma, kibanda cha wakala wa pesa kitamzoesha kufunga hesabu ya siku bila shilingi kupungua. Kuamka alfajiri kashazoea, na hilo si dogo kwa baridi ya Njombe.

Ila akianza kukesha, kususa chakula na kukwepa watu kwa wiki mbili, usikimbilie kumwita mvivu. Huenda ni sonona. Msindikize kituo cha afya.