Fisi Maji wa Uskoti na Majina Yetu

Wanafunzi wangu hucheka nikiwaambia kwamba Uskoti kuna wanyama pori wa kutazamwa. Kwao, nchi hiyo ni mvua na kandanda tu. Wanyama wako Mara na Tsavo. Dhana hiyo ina kasoro, nayo ni ya kiisimu kabla ya kuwa ya kijiografia, kwani kiumbe ambacho mtu hana jina lake huwa vigumu kukiona hata kikiwa mbele ya macho.

Mchukue fisi maji. Katika pwani ya magharibi ya Uskoti, hasa visiwa vya Mull na Skye, mnyama huyu huvua mchana kweupe, ilhali kwenye mito ya bara hutoka zaidi usiku. Anayemtafuta hahitaji gari wala lango la kulipia. Sheria ya ardhi ya mwaka 2003 inamruhusu kila mtu kutembea karibu kote, mradi asiharibu. Ahitajicho ni kujua upepo unavumia wapi, harufu yake isije ikamtangulia, na kujua maji yanakupwa saa ngapi. Kisha hukagua mawe yaliyochomoza, maana juu yake fisi maji huacha kinyesi chenye miba na magamba ya samaki, mfano wa mtu atiaye sahihi. Penye kijito kiingiacho baharini pana matumaini zaidi: mnyama avuaye katika chumvi hana budi kuoga maji yasiyo na chumvi, la sivyo manyoya yake hayatamkinga na baridi.

Kigaeli kina neno dobhar-chù, yaani mbwa wa maji. Sisi twasema fisi maji. Jamii mbili zilizoishi mbali hivyo zilifikiri namna moja, zikamtwaa mnyama wa nchi kavu na kumtosa majini!

Tatizo huanza tunapomfikia mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu huko, yule ambaye dume wake hunguruma mabondeni mwezi wa Oktoba akishindania majike. Wengi humwita kulungu. Hata hivyo, pembe za kulungu wetu ni za kudumu, ilhali huyu huziangusha kila mwaka na kuotesha nyingine. Watafsiri wa Biblia walimwita ayala, na sioni kwa nini vitabu vya shule viendelee kumbambika jina la jirani yetu.

Jambo hili si la wanaleksikografia peke yao. Mbwa mwitu wa Uskoti waliangamizwa karne kadhaa zilizopita. Ayala wakazidi, na miche wanayoitafuna haikui kuwa misitu. Biva, yule mgugunaji ajengaye mabwawa, naye aliwindwa akatoweka. Mwaka 2009 biva wachache kutoka Norway waliachiliwa huru Knapdale, na tangu 2019 sheria inawalinda, ijapokuwa wakulima ambao mashamba yao hufurika wananung'unika, tena si bila sababu. Mwanafunzi atajadilije mzozo huo kwa Kiswahili ikiwa kila mwenye pembe ni kulungu na kila mgugunaji ni panya?

Fisi maji wa aina nyingine huishi Ziwa Victoria. Muhula ujao nitawataka wanafunzi wangu wanikusanyie majina yake katika lugha za mama zao, pamoja na maelezo ya wavuvi kuhusu alama anazoacha ufuoni.