"Mjomba, mwalimu hanijui!"

Mpenzi msomaji, wiki hii sina stori za nani kamwacha nani. Nina dukuduku rohoni, na aliyenitia dukuduku hilo ni mtoto wa miaka mitano.

Ni hivi. Dada yangu anauza maandazi asubuhi huku kwetu Mbagala. Mimi nilimaliza Fomu Foo, kibarua changu ni kalamu hii tu, kwa hiyo kazi ya kumpeleka mwanawe shuleni ikaniangukia. Kijana yuko awali katika shule ya serikali, ile ambayo enzi zetu tuliita vidudu. Wiki ya kwanza alikuwa anatangulia mbele na begi lake, mbio. Wiki ya tatu akaanza kuumwa tumbo kila ikifika saa moja asubuhi. Saa nne tumbo limepona, anataka andazi.

Nikambana. Akanitazama, akasema: "Mjomba, mwalimu hanijui."

Nikadhani utani. Kesho yake nikaenda naye hadi mlangoni. Jamani! Nilihesabu vichwa vikafika 114. Mwalimu mmoja. Madawati ni yale ya wakubwa, miguu ya watoto inaning'inia. Waliokosa wako sakafuni. Mwalimu anasema "a, e, i, o, u", darasa linaitikia kama kwaya. Wa mbele wanaimba, wa katikati wanafinyana, wa nyuma wamelala. Huyu wangu ni wa nyuma.

Mapumziko nikamfuata. "Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. We mjomba wa nani?"

Nikamtajia jina. Akafikiri, akatabasamu kwa aibu. "Nitakudanganya nikisema namjua, mwanangu."

Siyo siri, hasira ziliniisha palepale. Mama wa watu sauti imeshamkauka. Akaniambia hakusomea kufundisha watoto wa awali, alipangiwa tu. Walimu wakali pale wanawekwa darasa la saba, kwenye mtihani. Vidudu hawana mtihani wa taifa, nani atawauliza?

Tusiwe wanafiki lakini, serikali haikulala. Sera ya elimu ya 1995 ilitaka shule za msingi ziwe na madarasa ya awali. Ile ya 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa lazima, na Januari 2016 ada ikafutwa. Walalahoi tukafurika, na ni haki yetu. Miaka hii yamejengwa hata madarasa ya awali ya mfano, yana picha ukutani, yanapendeza kweli.

Sasa sikiliza. Kiwango cha serikali yenyewe ni mwalimu mmoja kwa watoto 25. Mtaala wa awali wa 2016 ulitaka mtoto ajifunze kwa kucheza, darasa liwe na kona za kujifunzia, mwenye kutaka vitabu aende kona yake, mwenye kuhesabu vizibo kona yake. Darasani kwa mpwa wangu kona zipo nne, zote zimejaa watoto!

Ndiyo maana nasema ukuta haufundishi hata ukipakwa rangi saba. Mtoto wa miaka mitano anafundishwa na mtu anayemjua jina, anayeona leo kanyamaza, anayemwuliza kulikoni.

Dada alishaanza kupiga hesabu za kumhamishia Inglish midiamu. "Nitakopa kwenye kikoba," anasema. Nikamwambia, dada, kopa, lakini tukimtoa huyu wanabaki 113. Hao nao wana mama zao.

Tukaenda kikao cha wazazi, kwa mara ya kwanza nikakaa mbele. Baada ya kelele nyingi Mwalimu Mkuu akakubali watoto wagawanywe zamu mbili. Akina mama wawili wanapokezana kusaidia. Vizibo vya soda tuliokota baa ya jirani, bure. Mimi nikakata maboksi, nikaandika majina 114, kila mtoto akabandikwa lake kifuani kwa pini.

Ijumaa nikamfuata kijana. Akanirukia. "Mjomba, leo mwalimu kaniita!"

"Kakuita kufanya nini?"

"Kuhesabu vizibo. Nimefika kumi na mbili."

Tumbo haliumi tena. Lakini zamu moja bado ina watoto 57, zaidi ya mara mbili ya kiwango, na mwalimu ni yuleyule anafundisha mara mbili, sauti ileile. Hapo maboksi yangu hayafiki. Wakubwa, leteni walimu waliosomea awali, na wakifika msiwahamishie la saba.

Na wewe msomaji mwenye mtoto, mdogo wako au mpwa, kesho fika mlangoni uhesabu vichwa. Halafu mwulize mwalimu kama anamjua.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.