Mchoraji na Mto wa Kwao

Maneno yangu ya leo ni habari za mtu aliyejipatia jina kubwa kwa kuchora mto mdogo wa kwao. Mtu huyo ni John Constable, Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1776 katika kijiji cha East Bergholt. Karibu na kijiji hicho hupita mto Stour. Si mto mkuu kama Rufiji. Ni mto mpole, wenye miti na malisho ya ng'ombe kandokando yake.

Baba yake alikuwa na vinu vya kusagia nafaka, vilivyozungushwa kwa nguvu ya maji ya mto huo, naye alitaka mwanawe airithi kazi hiyo. Kijana aliijaribu kwa muda, lakini moyo wake ulikuwa katika rangi. Hata mwaka 1799 akaingia katika chuo cha wachoraji cha Royal Academy, London.

Zamani zile waliosifiwa zaidi ni wachoraji wa vita, wafalme na visa vya kale. Constable alichora malango ya maji, mashua zikikokotwa na farasi, mbao kuukuu na matope, vitu alivyovijua tangu utoto. Wanunuzi walikuwa wachache. Alipotaka kumwoa Maria Bicknell, babu yake binti huyo alimkataa. Basi wakangojana miaka 7, ndipo wakaoana mwaka 1816.

Tazameni jinsi alivyofanya kazi. Mwaka 1821 na 1822 alikwenda mara nyingi kilimani Hampstead, karibu na London, akachora mawingu matupu, na nyuma ya karatasi akaandika tarehe, saa na upepo. Baharia wa Pemba ajuaye kusi na kaskazi atamfahamu mara moja: mwenye kulichora wingu sharti aujue upepo unaolisukuma.

Mwaka 1821 alionyesha picha iitwayo The Hay Wain. Gari la farasi limo majini, upande wa kushoto iko nyumba ya mkulima jirani, na mbwa amesimama ukingoni. Huko London haikupata mnunuzi. Lakini mwaka 1824 ilionyeshwa Paris, na mfalme wa Ufaransa akamtunza mchoraji nishani ya dhahabu. Royal Academy haikumfanya mwanachama kamili mpaka mwaka 1829, naye alikuwa na miaka 52. Maria alikuwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia. Leo picha ile imo katika National Gallery, London.

Na katika Afrika Mashariki alikuwako Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame, Kilimanjaro. Alijifunza Makerere, kisha London. Lakini alichora watu wa kwao na kazi zao. Mwaka 1960 picha yake moja ilinunuliwa na Museum of Modern Art, New York.

Vijito vya Pemba navyo hupita katika mabonde ya mpunga, vikaingia katika hori zenye mikoko. Mwanafunzi mwenye karatasi na kalamu ya risasi na achague mahali pamoja tu, apachore asubuhi na jioni, maji yakijaa na maji yakipwa, na nyuma ya kila karatasi aandike saa na upepo. Baada ya mwezi mmoja azipange karatasi zake, aone ni mambo mangapi aliyokuwa akiyapita kila siku bila ya kuyaona.