Seredani ya Dago Ile Makaa Kidogo

Ndugu Wanachama,

Msimu wa kuchuma unapokaribia, kila mwenye shamba hukaa akapiga hesabu zake: ujira wa wachumaji kwa pishi, majamvi ya kuanikia, magunia, na chakula cha watu wa dagoni. Jambo moja husahauliwa, nalo ni makaa ya kupikia chakula hicho. Kwa hiyo leo twapenda kueleza namna ya kutengeneza nyumbani seredani ndogo ya kuchukua dagoni, ile makaa kidogo, iivishe upesi, na isimdhuru mtu. Hilo la tatu ndilo kubwa kuliko yote, nasi tumeliweka mwisho ili libaki moyoni.

Kwanza tutazame joto linapopotelea. Seredani ya bati tupu ikiwaka, ukiigusa ubavuni itakuunguza. Basi joto lile lililokuunguza wewe ndilo lililokuwa liivishe wali. Wataalamu waliopima majiko ya bati ya namna hii waliona kuwa katika kila sehemu 100 za joto, zinazofika kwenye sufuria ni kati ya 10 na 20 tu, na nyingi ya zilizobaki hutokea ubavuni. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 1980, wenzetu wa Kenya walitengeneza jiko la bati lenye udongo wa kuchomwa ndani yake, wakifuata mfano wa majiko ya ndoo ya Thailand. Udongo huzuia joto lisitoke. Jiko hilo hufikisha kwenye sufuria sehemu 25 hadi 40. Sisi hatuna tanuri la kuchomea udongo, lakini hila yenyewe twaweza kuifuata.

Tafuta kopo kubwa la bati, la samli au la maziwa ya unga. Usitumie kopo la rangi, maana rangi iliyobaki ikiungua hutoa moshi mbaya. Tafuta pia udongo wa kichuguu, majivu yaliyochekechwa, kipande cha bati, nyundo na msumari mnene.

Chini ya kopo, upande mmoja tu, kata mlango wa upana wa vidole vitatu. Sisi mara ya kwanza tulitoboa matundu pande zote tukidhani hewa nyingi ndiyo bora. Makaa yakawaka kwa fujo, yakesha kabla wali haujakauka. Mlango mmoja hutosha, nawe waweza kuuziba nusu kwa kigae unapotaka moto wa kupalilia.

Changanya udongo vipimo viwili na majivu kipimo kimoja, tia maji kidogo kidogo, ukande mpaka ushikane kama unga wa chapati. Upake ndani ya kopo kwa unene wa kidole gumba, ila mlango usiuzibe. Juu kidogo ya mlango acha ukingo wa udongo kuzunguka. Lianike kopo kivulini muda wa wiki moja. Ukiona nyufa, zizibe kwa udongo ule ule. Moto wa kwanza uwe mdogo, kwani udongo wenye unyevu ukipata moto mkali hupasuka.

Kata bati la mviringo, ulitoboe matundu kwa msumari, ulilaze juu ya ukingo ule. Hapo ndipo yatakapokaa makaa. Majivu yataanguka chini na hewa itapanda juu. Mdomoni mwa kopo weka mafiga matatu madogo ya udongo, ili kati ya sufuria na mdomo ipite nafasi ya kidole kimoja. Ukiikalisha sufuria juu ya mdomo barabara, moto utakosa pumzi.

Dagoni kuna upepo, nao huliiba joto. Zungushia sufuria bati la kukinga, nalo liwe mbali na sufuria kwa kidole kimoja pande zote. Kisha funika sufuria. Kuwashia, vifuu vya nazi vyafaa sana. Makonyo msiyachome, maana huuzwa yakatolewa mafuta.

Mwenye shaka na apime mwenyewe. Pima makaa sawasawa kwa mizani, tia nusu katika seredani ya zamani na nusu katika hii, uchemshe maji ya kipimo kimoja. Yatakayobaki ndiyo yatakayosema kweli.

Sasa lile kubwa. Mvua za vuli hutukuta dagoni, na desturi ya watu ni kuingiza seredani kibandani, wakafunga mlango, wakalala. Jambo hili huua. Makaa yanapowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huingia katika damu ikashika mahali pa hewa njema. Mtu huumwa na kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu. Na aliyelala hana khabari mpaka roho imtoke. Msidanganyike kwamba makaa yasiyo na moshi hayana ubaya. Wala msidhani seredani hii imeponya jambo hilo: imepunguza makaa, haikuondoa sumu.

Basi pikieni nje, chini ya paa lisilo na kuta. Kabla ya kulala, seredani ibaki nje, mbali na majani makavu na majamvi. Mtu akizidiwa, mtoeni penye hewa safi mara moja, mkampeleke hospitali hata kama amezindukana.

Mchumaji aliyelala shambani kwetu ni amana yetu. Karafuu ikinyeshewa jamvini twapata hasara, lakini msimu mwingine utakuja. Mtu hana msimu wa pili.

Wasalaam,
Katibu